Sufuria Isiyo na Chumvi

Nakumbuka siku moja pale Mikumi nikiwa mbele ya karai la chipsi zilizopoa, nikiyatazama mabasi yakinipita na kuingia kwenye mgahawa mkubwa wa jirani. Mwanangu, nilikuwa binti mwenye kibanda kipya na roho ya ubishi. Wakikaanga kuku, nami nakaanga. Wakiweka muziki, nami naazima redio. Kibanda kilikuwa kinakufa, maana mabasi yale yalisimama kwao kwa makubaliano, mimi nikabaki kupungia abiria mkono.

Shangazi yangu alikuja kutoka Kilosa kunitembelea. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaonja chipsi moja na kuisukuma sahani kando.

"Unapika chakula chao," akasema. "Sasa wale nani anawapikia?"

Alikuwa anatazama malori yaliyoegeshwa ng'ambo ya lami. Madereva walikaa kivulini mwa tela wakitafuna mkate mkavu. Nilivuka nikawauliza wanapenda nini. Mmoja ana presha, hataki chumvi. Mwingine alikuwa na hamu ya mlenda tangu Tunduma. Kesho yake nikapika mlenda na ugali wa dona, na pembeni sufuria ndogo isiyo na chumvi. Nikawapa namba yangu.

Basi simu ikaanza kuita. "Dada, nipo Iyovi, niwekee ile yangu." Furaha niliyokuwa nayo, nilikoroga ugali huku nacheka peke yangu, mpaka shangazi akaniuliza kama mimi ni mzima. Baadaye hata meneja wa mgahawa ule akaja kwa mlango wa nyuma kuulizia mlenda. Nilimpa, na nikamwongezea.

Sasa umenipigia kusema kampuni kubwa ya mizigo imefungua ofisi hapo Kilosa, na nyie wenye pikipiki zenu chache za kupeleka vifurushi mnataka kufunga. Magari yao yanaishia lami. Nani atamfikishia fundi baiskeli wa kijiji cha Ulaya spea zake mpaka mlangoni, kabla gulio halijachangamka? Usikimbizane nao, mwanangu. Mtafute anayengoja, ambaye wao hawamwoni, muulize anataka nini, kisha umpe hichohicho kila mara bila kuchoka. Udogo wako ndio unaokuwezesha kumjua kwa jina.

Kesho fungua mapema. Mungu akupe afya, aibariki mikono yako, na simu yako isiache kuita. Ukiwa njiani kuja Mikumi, nipigie kwanza, nitakuwekea ile yako.