Kibuyu Kilichorudi Kitupu

Harufu ya karanga za kukaanga hunipandisha hasira kabla haijanitia njaa. Watu wa rika langu wakiinusa huwakumbuka bibi zao. Mimi naukumbuka mlango wa Mama Mlezi, wenye upenyo wa vidole viwili chini, na Jumapili alasiri tukiwa wasichana kumi na mmoja sakafuni tunakariri aya kwa matumbo yaliyojaa uji mwepesi, huku harufu ile ikipenya polepole na kutupita kama mgeni asiyesalimia.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kosa langu silikani. Jumbe wa kwetu Kinyangiri alimwambia baba kwamba msichana akishajua kusoma barua inatosha, atolewe shule. Kesho yake niliwafungulia mbuzi wa jumbe wakaingia kwenye uwele wa jumbe. Niliona hiyo ni hukumu ya haki, maana mali ya mtu mwingine haikuguswa. Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, nilijaribu kusomea sheria nikashindwa mwaka wa kwanza, na sababu naielewa.

Wakati ule kulikuwa na nyumba kando ya njia ya Kiomboi, mwendo wa siku moja kutoka kwetu, iliyosimamiwa na kamati ya wazee kwa baraka za Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya Mwingereza. Wasichana watukutu walipelekwa huko kunyooshwa. Baba na mama walibishana siku tatu. Baba alisema mti hunyooshwa ukiwa mchanga. Mama alimjibu kwamba yeye hakuzaa mti. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na jumbe alikuwa amekaa kwenye kigoda chetu akisubiri jibu. Nikapelekwa.

Hatukupangiwa muda wa kukaa. Ungetoka siku Mama Mlezi atakapoandika kwamba umebadilika. Kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na kazi moja tu duniani: kumpendeza mwanamke yule. Alikuwa bado kijana, msafi mno, na yeye mwenyewe alilelewa bwenini tangu hajaota meno. Barua za nyumbani tulizinakili kutoka ubaoni, alikoziandika yeye: nina furaha, nimejifunza utii, msihangaike. Hata nukta zilikuwa zake.

Mwezi wa pili nilikiona kibuyu chetu kimepinduliwa dirishani kwake kinakauka. Nisingekosea, kwa maana ufa wake mama aliushona kwa uzi wa katani mbele yangu. Ndipo nikajua karanga zile zilitoka wapi. Mama alikuwa akinitumia kibuyu cha karanga kila mwezi kwa mzee mwenye punda aliyebeba mahitaji ya nyumba ile, na kila mwezi Mama Mlezi alizila, akakisugua kibuyu kwa majivu, akakirudisha.

Niliamua kulipiza kisasi. Nilichuma maganda ya upupu pembeni mwa shamba, nikayafunga kwenye kitambaa na kukificha kifuani mwa gauni, nia yangu nikayakung'ute kwenye shuka zake. Kitambaa kilikuwa na tundu. Kabla sijafika mlangoni nilikuwa nacheza ngoma isiyo na mpigaji, na Mama Mlezi akanitazama kwa utulivu mpaka nilipoanza kuvua gauni. Nilipigishwa magoti kwenye changarawe siku nne. Kisha akaandika, akanisomea kwa sauti: huyu bado sana.

Kumbe kisasi kilikuwa kimeshaanza bila mimi. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Utaweka konzi ya chumvi, yai moja, hata jani la mlenda ukikosa kabisa. Mtoto hulijua hilo kabla ya kujua kufunga nguo. Mara ya kwanza mama aliuangalia utupu ule akakijaza tena. Mara ya pili akaenda kuwauliza wanawake wengine wenye mabinti kule. Mara ya nne hawakuulizana tena.

Walifika siku ya ukaguzi, kamati nzima ikiwa mezani pamoja na Bwana Shauri, jumbe wetu, na baba kama mzee wa kanisa, sisi wasichana tumepangwa ukutani. Wanawake saba, kila mmoja na chombo kichwani. Walisalimia wakubwa mmoja mmoja, bila haraka, kisha wakavipanga vyombo mezani katikati ya vikombe vya chai.

"Mama Mlezi," mama akasema, "vyombo hivi vilikuja vimejaa, vikarudi vitupu mara nne. Sisi tunazijua sababu mbili tu. Ama mtoto amekufa, ama ametukataa. Tuambie, wetu wamefanya lipi?"

Mkalimani alimnong'oneza Bwana Shauri, naye akauliza kama akina mama hawa walikuwa wanauza vibuyu.

Mama Mlezi alikuwa mwekundu wa macho. "Mnanionea," akasema. "Mbona nilivisugua vizuri? Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa majivu."

Baba alikiangalia kibuyu, akaangalia magoti yangu, akasimama. Alichukua kibuyu kwa mkono mmoja na mkono wangu kwa mwingine. Jumbe akaanza, "Mzee mwenzangu, hebu tukae..." Baba akamjibu, "Kaa wewe. Una mbuzi wa kuangalia."

Tulitoka saba siku ile. Wanne waliobaki hawakuwa na mtu wa kuwatumia chombo. Nyumba haikufungwa, ila kamati ilipitisha kanuni kwamba wazazi wasilete tena vyombo.

Mwaka huu, hapa mjini Singida, uliitishwa mkutano kuhusu vijana wavuta bangi, na wengi wakataka nyumba kama zile zirudi. Mgeni rasmi alikuwa bibi kizee wa Mandewa, mlezi mstaafu: Mama Mlezi mwenyewe. "Tuliwanyoosha," akasema, na ukumbi ukapiga makofi. Mimi, mwenye shahada mbili na mdomo unaojulikana mkoa mzima, nilinyoosha mkono mpaka ukafa ganzi, sikupewa nafasi. Ningesema jambo moja: nyumba ambayo mama haruhusiwi kuingia siku yoyote apendayo, bila taarifa, isijengwe. Wavuta bangi nawaogopa kama wengine. Watu wanaomwandikia mtoto barua yake nawaogopa zaidi.

Badala yake nilikwenda Mandewa na kile kibuyu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilikiweka mezani kwake, kitupu, nimekisugua kwa majivu. Alipitisha kidole kwenye mshono wa katani, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Hakuniuliza mimi ni nani.

Baada ya wiki kilirudi kimejaa karanga za kukaanga hadi shingoni. Huenda alikuwa anaomba radhi. Wajukuu wangu walikuwa wanacheza barazani. Nilifunga mlango, nikazila zote peke yangu, punje kwa punje, harufu ikiwatokea chini ya mlango. Kisha nikakiosha kibuyu vizuri sana, nikamrudishia kitupu.