Bibiana Alivyozishusha Baiskeli za Kijiji

Jina la Bibiana lilisomwa la nne. Mwenyekiti Rafaeli alikuwa amesimama juu ya kreti la soda mbele ya ofisi ya kijiji, karatasi mkononi, na watu wamekaa kwenye majani kwa sababu viti vilikuwa bado havijaletwa. Kijiji chenyewe kilikuwa na miezi mitano tu. Kabla ya hapo palikuwa pori tupu kando ya barabara ya Kilosa kwenda Mikumi, upande wa Zombo, mpaka malori yalipokuja mwaka wa sabini na nne kuwashusha watu, kila mmoja na sufuria zake, kuku wake na malalamiko yake.

"Wasiojiweza," alisoma Rafaeli. "Hawa kijiji kitawalisha. Wasihangaike na mashamba, wapumzike. Na shamba la zamani litakalokutwa limeota majani siku ya ukaguzi, atapewa mwenye nguvu alilime."

Akasoma. Mzee Thadeo, fundi baiskeli, ambaye mashine ya mkonge ilimwachia vidole viwili tu katika mkono wa kulia. Melkizedek, asiyeona tangu ujana. Bibi Odilia, ambaye hata yeye hakujua amekula chumvi kiasi gani. Kisha: "Bibiana, mama Vitalis."

Bibiana hakunyoosha mkono. Alinyoosha fimbo.

"Ndugu mwenyekiti, mimi nimepumzika lini hata niwe na ujuzi wa kupumzika?"

Watu wakacheka. Rafaeli naye alitabasamu. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo mapema msije mkamchukia bure. Aliamini kabisa kwamba anamtendea wema.

"Mama, ni maili sita mpaka Miyombo. Na huo mguu..."

"Mguu huu ninao tangu nina miaka mitatu. Umekuuma wewe lini?"

"Jina limeshaandikwa, mama."

"Basi litafutwa," alisema Bibiana, akainuka, akaenda zake huku fimbo ikigonga ardhi.

Mguu wenyewe ulikuwa wa kushoto. Homa iliupitia akiwa mtoto kule milimani, ukabaki mwembamba kama mpini wa jembe. Shule ya misheni alikwenda mgongoni kwa dada yake hadi darasa la pili, na darasa la tatu na la nne akaenda kwa fimbo, kwa kuwa dada aliolewa. Naye akaolewa na Stefano, mkata mkonge, mtu wa maneno machache mwenye baiskeli iliyokuwa ikipiga kelele kwa niaba yake. Jumapili Bibiana alikaa kwenye keria, wakaenda kanisani, na watu wa njiani wakasema, "Stefano, umepakia gunia?" Bibiana ndiye aliyejibu: "Gunia la nani linalokujibu?" Stefano alipofariki, baiskeli ilichukuliwa na ndugu zake. Bibiana akabaki na watoto, akafyeka kipande cha bonde kandokando ya mto Miyombo, akajenga nyumba pale pale. Ilikuwa hatua thelathini kutoka mlangoni hadi mstari wa kwanza wa mahindi. Alilima akiwa amekaa kwenye kigoda, akikisogeza mbele kidogo kidogo, na kwa hilo shamba alimsomesha Vitalis mpaka akapata kazi ya reli huko Mikumi.

Malori yalipokuja, nyumba ilihama. Shamba halikuweza kupanda lori.

Wiki ile ya tangazo alijaribu kwenda kwa miguu. Alitoka alfajiri, akafika jua la utosi, akapalilia mistari mitatu, akageuza. Kesho yake hakuweza kusimama, na keshokutwa yake pia. Alilala kitandani akipiga hesabu kwa vidole: ukaguzi ulikuwa Jumamosi ya tatu, mahindi yalikuwa yamefika magotini, na majani yalikuwa yameanza kuyazidi.

Ndipo akazikumbuka baiskeli.

Kijiji kilikuwa na baiskeli sita mpya. Zililetwa na gari la wilaya siku kijiji kilipoandikishwa, ili watu wazitumie kwenda mashamba ya mbali. Lakini kamati ilikaa, ikaona si heshima kuzipanda kabla mkubwa wa mkoani hajaja kuzikabidhi rasmi. Basi zikatundikwa kwa kamba kwenye dari ya ghala, na karatasi zake za kiwandani bado zimezungushwa kwenye mabomba. Mkubwa aliahidi Januari. Akaahidi Februari. Sasa Machi ilikuwa inakwisha, na watu walitembea maili sita kwenda na sita kurudi huku baiskeli zikining'inia kama popo. Thadeo ndiye aliyepewa ufunguo. Kila Jumapili aliingia, akapaka mafuta minyororo, akazungusha magurudumu hewani, akafunga kufuli, akaondoka.

Bibiana alimkuta ghalani Jumapili hiyo.

"Shemeji Thadeo, unamwogesha maiti?"

"Agizo la kamati."

"Nishushie moja."

Thadeo aliutazama mguu wake, akatazama baiskeli, akautazama mkono wake mwenyewe wenye vidole viwili. "Mama Vitalis, hizi ni za kiume. Zina bomba la juu. Na utakanyaga kwa mguu gani?"

"Huu mzima."

"Mguu mmoja unasukuma kwenda chini. Nani atairudisha pedeli juu?"

"Wewe ndiye fundi. Mimi nimekuletea mguu tu."

Thadeo alishusha moja, akakaa chini na kuizungusha pedeli kwa mkono. Halafu akakata ukanda wa tyubu kuukuu, akaufunga kwenye pedeli ya kulia ukawa kama kandambili ngumu, ili mguu uingie ndani na uweze kuvuta pedeli juu baada ya kuisukuma chini. Pedeli ya kushoto akaing'oa. Karibu na ekseli ya mbele akafunga kipande cha mti, mguu mwembamba upate mahali pa kulala. Tangu atoke kwenye mkonge hakuwa amepewa kazi inayomfanya afikiri, na mtu angemwona jioni ile angedhani amebatizwa upya.

Kujifunza hakukuwa kuzuri. Bibiana alipandia kwenye kichuguu nyuma ya ghala: anaegemeza baiskeli, anakaa, anaingiza mguu kwenye ukanda, anajisukuma. Tatizo lilikuwa kushuka. Mguu ulikuwa umefungwa, kwa hiyo baiskeli ikisimama, yeye na baiskeli wanakwenda chini pamoja kama mti uliokatwa. Siku ya kwanza alianguka mara kumi na moja. Wanawake waliotoka kisimani waliweka ndoo chini kutazama.

"Mama Vitalis! Mwanamke akipanda baiskeli hazai!"

"Nimezaa sita," alijibu kutoka mavumbini. "Wa saba mzae nyinyi."

Siku ya nne alizunguka ghala bila kuanguka, na akajua kuutoa mguu kwenye ukanda kabla baiskeli haijasimama. Siku ya tano, Ijumaa, alifunga jembe na kigoda kwenye keria akaingia barabarani. Penye mwinuko alishuka, akaegemea usukani badala ya fimbo, akasukuma. Penye mteremko wa Miyombo aliachia, gauni likapepea, na ngedere waliokuwa kwenye mahindi yake walikimbia kabla hajafika kwa kelele alizopiga. Sijui kama zilikuwa za hofu au za furaha. Yeye mwenyewe alisema hakuzitenganisha.

Habari zilimfikia Rafaeli saa nane. Alisimama barabarani akimsubiri. Sasa, mnaijua salamu ya kwetu. Mdogo hawezi kumkaripia mkubwa kabla hajamwamkia, na hawezi kuendelea na neno lolote kabla hajaitikiwa. Rafaeli alikuwa na miaka thelathini na minne, na mama yake alikuwa shoga wa Bibiana.

"Shikamoo mama!" aliita alipomwona anakuja.

Bibiana alipiga kengele.

"Shikamoo, mama!"

Bibiana akampita. Rafaeli akakimbia nyuma yake. "Mama, shikamoo! Mama!" Alikimbia hivyo mpaka kwenye kichuguu, na pale Bibiana alipotulia, akatoa mguu kwenye ukanda taratibu, akajifuta uso kwa kanga, ndipo akasema, "Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

Rafaeli hakuwa na pumzi ya kukaripia. Alisema tu, "Hizi ni mali ya kijiji."

"Na mimi ni wa nani?"

"Umo kwenye orodha ya wasiojiweza. Huwezi kuwa hujiwezi halafu ukaonekana barabarani na baiskeli. Mkubwa akija atasema nini?"

"Atasema uliandika uongo."

"Kesho ufunguo utakaa kwangu," alisema Rafaeli. "Na ukirudia, nitapeleka jina lako wilayani Kilosa."

"Lipeleke. Kwa baiskeli nitafika Kilosa kabla yako."

Alisema hivyo kwa sauti kubwa, lakini alipoingia ndani aliufunga mlango akakitazama kigoda chake. Hakuogopa Kilosa. Aliogopa kigoda. Alijiona amekaa juu yake mlangoni, mwaka hadi mwaka, akisubiri kibaba cha unga kutoka kwa watu wanaolima shamba lake. Akatoka tena palepale, akaenda kwa Thadeo.

Kesho yake asubuhi Rafaeli alichukua ufunguo, akakagua kufuli, akalivuta mara mbili kuhakikisha, akautia ufunguo kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. Hakufungua mlango kutazama ndani. Angeiona dari tupu. Baiskeli zilikuwa zimeshalala majumbani tangu jioni: moja kwa Bibiana, moja kwa Thadeo, moja kwa Melkizedek, na nyingine tatu kwa wenzao waliokuwa kwenye orodha ileile.

Melkizedek alikuwa na mapaja ya mtu wa kubeba magogo, ila hakuona. Bibi Odilia alikuwa na macho ya mwewe, ila magoti yalikuwa yamekataa. Thadeo alifunga gunia lenye pumba juu ya bomba, Odilia akakaa hapo upande upande na kushika usukani, Melkizedek akakaa kwenye tandiko na kukanyaga.

"Kuna shimo!" Odilia alipiga kelele.

"Basi likwepe, usukani si unao wewe!"

"Nalikwepa! Punguza! Unakimbilia mazishi ya nani?"

"Miaka ishirini naongozwa polepole, bibi. Leo acha niende."

Walianguka kwenye mfereji mara mbili. Odilia alipanda tena mara tatu, kwa sababu mara moja alipanda kabla Melkizedek hajawa tayari. Watoto wa shule wakakimbia pembeni wakishangilia, na wale wakubwa kidogo wakaomba kupewa zamu, wakaendesha kwa kupitisha mguu chini ya bomba. Kila siku waliondoka hivyo, watu kumi na mmoja wa orodha kwa baiskeli sita, wakipokezana: anayeweza kukanyaga anakanyaga, anayeweza kushika anashika, asiyeweza yote anakaa keria na jembe. Walianza na shamba la Bibiana kwa kuwa ndilo lililokuwa mbali kuliko yote.

Rafaeli aliwaona. Kijiji kizima kiliwaona. Alipofungua ghala na kukuta kamba tupu, kamati ilitaka zinyang'anywe. Lakini nani angemshusha bibi Odilia barabarani, na kwa mkono upi? Mjumbe mmoja alijaribu. Odilia alimuuliza habari za marehemu bibi yake mpaka akasahau alichotumwa. Rafaeli akaamua kungoja. "Jumamosi," alisema. "Ukaguzi utaamua."

Jumamosi kamati ilikwenda kwa miguu. Mvua ilikuwa imenyesha, na viatu vipya vya Rafaeli vilikuwa vinamla kisigino. Maili ya pili walipitwa na Thadeo. Maili ya tatu walipitwa na Odilia na Melkizedek, na Odilia akawapungia mkono aliotakiwa kushikia usukani nao, wakayumba, wakanyooka. Kamati ilifika Miyombo karibu na adhuhuri, matope hadi magotini.

Shamba lilikuwa safi. Mahindi yalisimama kwenye udongo mweusi uliogeuzwa, kunde zimetambaa katikati, na hakuna jani lisilohitajika isipokuwa kwenye mistari mitano ya mwisho, ambako Bibiana alikuwa amekaa kwenye kigoda akiipunguza. Hakusimama.

Rafaeli alitembea shamba lote akichechemea. Alipomaliza akatoa karatasi na kalamu. "Mama, nimeona. Wewe nakufuta. Shamba ni lako."

"Na hawa?" Bibiana aliwaelekezea jembe wenzake kumi waliokaa pembeni mwa shamba.

"Hawa... mama, tumekagua la kwako."

"Hili wamelilima hawa. Kama wao hawajiwezi, na mimi sijiwezi. Kama nimejiweza, niliweza nao. Chagua."

"Usinilazimishe mbele ya kamati."

"Wewe ulinisoma mbele ya kijiji kizima, mwanangu."

Mjumbe mmoja wa kamati, aliyekuwa amekaa akivua kiatu, alisema chini chini, "Wafute, Rafaeli, tuondoke. Mimi mwenyewe kesho sijui kama nitajiweza." Rafaeli akaweka karatasi gotini, akaanza kukata majina.

"Soma kwa sauti," alisema Melkizedek. "Mimi siioni kalamu inapita wapi."

Rafaeli akasoma. Kila jina alilosoma, mwenyewe aliitika na kusema, "Futa." Yakafika kumi na moja.

"Sasa baiskeli zirudi ghalani," alisema Rafaeli, akikunja karatasi. "Zimejaa matope. Zina mikanda ya tyubu. Moja haina pedeli. Mkubwa akija atakabidhi nini?"

"Atukabidhi sisi tukiwa tumezipanda," alisema Bibiana. "Keshokutwa tunapalilia kwa bibi Odilia, halafu kwa Thadeo. Ukizitaka baiskeli utazikuta huko, uje na jembe."

Akarudi kwenye mstari wake. Kamati ilisubiri Rafaeli aseme neno kubwa la mwisho. Yeye alitazama barabara inavyopanda kuelekea Zombo, akatazama kisigino chake kilichochubuka, akasogea karibu na kigoda.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "keria yako ina mtu?"

Bibiana alimaliza shina alilokuwa ameshika ndipo akajibu.

"Nina mistari mitatu bado. Ukishika jembe lile tutamaliza upesi. Na penye mlima utashuka usukume, sote ndivyo tunavyofanya."