Zamu ya Lumbalumba

Juma lote lililopita sikupata usingizi kwa sababu ya kopo la maziwa lenye kutu. Cheka tu, rafiki yangu. Mume wangu pia alicheka. Ndani ya kopo hilo mna shina moja la lumbalumba, lile jani la harufu ambalo hapa Likasi tunalichemsha mtu akishikwa na kikohozi. Na swali langu lilikuwa dogo kuliko maswali yote niliyoulizwa chuo kikuu: nilitoe nje, au niliache ndani, dirishani, lilipo?

Nina diploma niliyoifunga ndani ya plastiki isiliwe na unyevu, lakini bado mimi ni mtu wa kuligeuza jambo mpaka linachakaa. Nikisema nilitoe, najiambia kwamba nimekubali moshi utarudi. Nikisema niliache, najiambia kwamba najidanganya. Yote yalianza siku mume wangu alipotoka mjini akitabasamu peke yake njiani, akaleta habari kwamba tanuru la kiwanda litawashwa tena na watu wataitwa kazini. Majirani walitoka milangoni kupongezana. Mimi niliingia ndani nikalitazama kopo.

Ili unielewe, lazima nikurudishe katika nyumba ya kampuni, upande wa Panda, nilipokuwa bado msichana wa shule ya msingi.

Nyumba zile zilifanana kama matofali. Vyumba viwili, jiko dogo nyuma, na mbele kipande cha ardhi ambacho mtu mrefu akilala, miguu inafika barabarani. Udongo wake ulikuwa mgumu na wenye uchungu. Ukipanda mchicha unatoka wa manjano, unasimama kidogo kama mgeni asiyekaribishwa, kisha unalala. Na hata kama ungekubali, kulikuwa na moshi. Upepo ukigeuka kutoka kwenye mabomba ya kiwanda, moshi mweupe ulishuka juu ya kambi, ukawasha macho na koo, na majani yote ya nje yalipata madoadoa kama ngozi iliyomwagikiwa maji ya moto.

Ndiyo maana bibi yetu alilima ndani ya nyumba.

Alitulea yeye, mimi na mdogo wangu, kwa sababu mama alifariki alipomzaa huyo mdogo. Tulimwita Nkambo, kama wengi wanavyowaita wazee wao hapa kwetu. Kila kopo lililoingia kambini liliishia mikononi mwake: la maziwa, la mafuta, la samaki. Alilitoboa chini kwa msumari na jiwe, akatandika vipande vya makala, yaani makaa, ili maji yasisimame, kisha akajaza udongo wa kichuguu, ambao baba aliuleta kwa baiskeli kutoka njia ya Mulungwishi, ndani ya gunia la unga, siku zake za mapumziko. Kwenye ukingo wa dirisha kulikuwa na lengalenga, mchicha wetu, juu ya kabati vitunguu vya majani na pilipili, juu ya rafu ya mbao za sanduku nyanya ndogo na lumbalumba. Tulilala chini yao kwenye mkeka. Hata sasa nikinusa udongo uliomwagiwa maji yaliyooshewa mchele, nasikia mgongo wangu ukitafuta mkeka ule.

Kazi yetu ya asubuhi ilikuwa kugeuza makopo, upande uliokuwa kivulini uone mwanga, na kufuta vumbi majani, moja moja, kwa kitambaa kibichi. Mdogo wangu alifuta huku akizungumza nayo. Alikuwa bado hajaanza shule, mwembamba, mwenye kifua kibovu. Akikimbia hadi kwenye bomba la maji na kurudi, ulimsikia akipumua kama mbabula, jiko letu la makala, inayopulizwa.

Sasa, pua ya Nkambo ilikuwa imechoka. Miaka mingi ya makala iliimaliza; hakusikia harufu ya moshi mpaka uwe umeshaingia ndani. Kwa hiyo alijitafutia pua nyingine. Kila alfajiri alichukua kopo moja la lumbalumba, akaliweka nje juu ya tofali karibu na mlango. Jani lile lina ngozi laini. Moshi ukianza tu, kabla watu hawajakohoa, ncha zake zilijikunja. Yeyote aliyeona ncha zimejikunja alipaza sauti, "Moshi inakuya," na sote tulikimbia: makopo ya dirishani chini ya meza, blanketi lililoloweshwa juu yake, madirisha yafungwe, kitambaa chini ya mlango. Tulifanya hivyo haraka na kwa ustadi, kama askari. Mdogo wangu alikuwa mwepesi kuliko mimi katika kazi ya blanketi, na Nkambo alimsifu.

Kopo la nje lilibadilishwa kila siku, kwa sababu Nkambo hakutaka shina moja libebe mateso ya wote. Baba alifanya kazi kwa zamu kiwandani: juma la asubuhi, juma la jioni, juma la usiku, zamu hizo tuliziita poste. Na majani nayo yalikuwa na poste. Akiliweka kopo juu ya tofali, aliligusa kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Unisamehe, mutoto. Leo ni poste yako."

Mama jirani, ambaye ukoo wake ulitoka Kasai na ambaye mdomo wake haukupumzika, alimtania kupitia ukutani. Alisema bwana wake anatafuta kazi tangu Pasaka, na huku majani ya mzee yanapanda poste bila hata kuandikwa. Nkambo alimjibu kwamba majani hayanywi pombe. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nakwambia haya ili usidhani tulikuwa watu wa kulia tu.

Kisha ikaja habari ya mgeni mkubwa kutoka Kinshasa.

Shuleni masomo yalisimama. Tulifundishwa nyimbo za kumsifu kiongozi na jinsi ya kupunga maua ya karatasi. Kambini, Jumamosi ya kazi ya pamoja, ile tuliyoiita salongo, watu walipaka chokaa mashina ya miti na mawe ya barabarani. Mkubwa wa kambi alipita nyumba kwa nyumba na fimbo yake fupi. Aliamuru madirisha yafunguliwe siku hiyo, na vitambaa vyeupe vitundikwe, ili mgeni aone watu wanaishi vizuri. Alipofika kwetu, fimbo ilionyesha tofali.

"Mama, ile kopo itoke. Mukubwa hawezi kuona kutu."

"Iache moja tu, shefu," Nkambo akasema. "Iko kwa kazi."

"Kopo? Iko na matrikule?"

Matrikule ni namba ya mfanyakazi wa kampuni. Watu waliokuwa wakifagia walicheka, na hata mama jirani alicheka, kwa sababu kwa kweli kilikuwa kichekesho kizuri. Nkambo hakucheka. Aliliinua kopo, akaliingiza ndani na mengine.

Siku yenyewe mdogo wangu aliamka na kikohozi. Nkambo aliomba abaki naye. Aliambiwa kwamba kila mama mwenye miguu atasimama barabarani na asiyesimama atajua sababu. Baba alikuwa kazini. Basi alimnywesha chai ya lumbalumba, akamlaza, akamwambia tutarudi sasa hivi. Nilimwona mdogo wangu kupitia dirisha lililofunguliwa, kitambaa cheupe kikimpepea juu ya kichwa, amezungukwa na makopo yake. Alinipungia mkono kwa namna ya kuiga maua yetu ya karatasi.

Tulisimama upande wa pili wa kambi, kwenye barabara kubwa, jua likipanda. Tuliimba, tukanyamaza, tukaambiwa tuimbe tena. Upepo ulitupiga ubavuni, safi, na nakumbuka niliufurahia. Kumbe ulikuwa umegeuka, na kutoka kwenye mabomba ulikuwa ukishusha moshi juu ya nyumba nyuma yetu. Hakuna aliyetazama nyuma; tulikatazwa. Mgeni alipita ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa. Sikuona hata mkono wake.

Tuliporudi, kambi ilikuwa nyeupe. Watoto wa mbele walianza kukohoa na kurudi nyuma. Nkambo aliacha kanga yake mpya ianguke barabarani akakimbia, mimi nyuma yake.

Madirisha yalikuwa wazi bado. Vitambaa vilikuwa vimefungwa kwa waya pamoja na mbawa za madirisha, yasijifunge, fundo la mtu mzima, mkono wa mtoto usingeweza kulifungua. Lakini kwenye ukingo hapakuwa na kopo hata moja. Yote yalikuwa chini ya meza, yamepangwa, na juu yake blanketi, blanketi lake mwenyewe, limeloweshwa kwa maji ya ndoo. Mdogo wangu alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye mguu wa meza, mikono juu ya magoti, mabega yakipanda na kushuka, mdomo wazi. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Alitutazama kama mtu anayengoja asifiwe.

Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Angeweza kutoka. Angeweza kukimbia kwa mama mwingine, au kutufuata barabarani. Nimelifikiria jambo hilo tangu siku ile, na kila mara nafika palepale: tulimfundisha kwamba moshi ukija, unaokoa majani. Hatukuwahi kumfundisha kitu kingine, kwa sababu yeye siku zote tulikuwa naye.

Baba alimkuta hospitalini. Sista aliyekuwa zamu alifanya yote aliyojua. Kabla king'ora cha kiwanda hakijalia kuita watu wa asubuhi, mdogo wangu aliacha kupumua.

Wakati wa matanga, baba aliingia chumbani, akalishika kopo la kwanza na kulipeleka mlangoni alitupe. Majani yote yalikuwa mazima, mabichi, hata doa moja hayakuwa nalo. Nadhani ndiyo yaliyomkasirisha. Nkambo alikuwa amekaa chini na wanawake. Alinyanyuka, akamzuia kwa kifua chake.

"Poste ya ile siku, mutoto ndiye alifanya," alimwambia. "Hii ni kazi yake. Hatutupi kazi ya muntu."

Baba alilirudisha kopo.

Nkambo aliendelea kulima. Aliendelea kutoa kopo la zamu, na mkubwa wa kambi alipopita aligeuza uso upande mwingine. Kitu kimoja tu kilibadilika: hakuliacha tena kopo peke yake. Alileta kigoda chake akakaa kando yake, akichambua sombe, yale majani ya muhogo, au mchele, tangu alfajiri mpaka baba anaporudi. Wapita njia waliwasalimu wote wawili.

Rafiki yangu, sijui niyaombolezeje yaliyopita baadaye, kwa sababu hata moshi wenyewe ulipita. Mabomba yalipoa moja baada ya jingine. Mishahara ilichelewa, kisha ikasahau njia. Watu wenye asili ya Kasai waliambiwa hapa si kwao, wakakusanyika stesheni na magodoro yao. Mama jirani, aliyezaliwa mita chache kutoka kwetu, alipanda treni akiwa amebeba kopo moja la lumbalumba katikati ya magoti, na hakuna aliyekuwa na utani wa kumpa. Nkambo alizikwa msimu wa mvua. Hewa ya Panda sasa ni safi, unaweza kuanika nguo nje. Mchicha unaota hata kwenye mifereji. Na chini ya anga hiyo safi watu wanakula mara moja kwa siku, bukari, ugali wetu, bila samaki, nami nafundisha watoto wanaosinzia kwa njaa. Nani angedhani kwamba siku moja tutautamani ule moshi? Lakini tunautamani. Mume wangu anautamani kwa moyo wote, na siwezi kumlaumu.

Kopo langu ni la vipandikizi vya vipandikizi vya shina lile lililokaa chini ya blanketi. Tangu Nkambo afariki nimeliweka ndani. Limekuwa refu na jembamba, linainama kuelekea kwenye kioo kama mtu anayesikiliza. Kwa juma zima nilijiuliza: nimtoe nje tena? Maana kwangu si shina tu, unaelewa. Na tukihama, tutakwenda wapi, na kwa nauli gani? Na nikiliacha ndani, mwanangu wa miaka minne atajuaje moshi umefika, naye tayari ana kile kifua cha kwetu?

Jana bomba moja la kiwanda lilianza kutoa uzi mwembamba wa moshi. Watu walipiga vigelegele.

Leo asubuhi nilikata tawi, nikalitia ndani ya chupa ya maji libaki dirishani. Kisha nilibeba kopo lenyewe nje, nikatafuta tofali, nikaliweka karibu na mlango. Niliomba msamaha kwa maneno yale yale. Nilileta kigoda nikakaa.

Mwanangu alinifuata, akachuchumaa, akaligusa jani. Nilimwonyesha ncha zake, jinsi zinavyojikunja zikisikia moshi. Nikamwambia akiona hivyo asishike kitu, asinisubiri, akimbie mpaka kanisani, mbali na moshi.

"Na majani, mama?" akauliza, mkono bado uko juu ya kopo.

Nikautoa mkono wake taratibu.

"Majani iko kwa poste," nikamwambia. "Weye hapana."