Shangazi Kaingia Katikati ya Dansi Langu

Wanangu, mkienda kwenye usaili wa dansi msimwalike shangazi. Naongea kwa machungu.

Leo kundi moja la dansi la kisasa lilikuwa linatafuta mchezaji wa onyesho lao jipya, ghorofani hapa hapa Kariakoo. Mmoja tu. Na Bongo hii nani anacheza kunizidi? (Msijibu.)

Shangazi anauza khanga mtaa wa pili. Nikamwambia apande anipigie makofi.

Dansi langu linahusu mpagazi aliyechoka. Naanguka taratibu, natulia sakafuni, hakuna muziki. Hapo ndipo watu wenye akili hutoa machozi.

Nimetulia hivyo, nasikia kandambili zinakuja.

"Inuka baba, watu wanakuangalia. Umekula leo?"

"Shangazi, ndiyo dansi lenyewe," nikanong'ona, macho nimefumba.

"Dansi la kulala?"

Akanifunga khanga kiunoni kama anavyotunza watu ngomani, akapiga kigelegele, akaanza kucheza mwenyewe eti anitie moyo. Mimi bado nimelala pale chini. Msanii haachi kazi.

Mwalimu wa kundi, dada mmoja asiyejua kucheka, akasimama. Nikajua tunafukuzwa.

"Shikamoo mama. Jumatatu una nafasi?"

Eti ndiye waliyekuwa wanamtafuta. Mimi hata jina hawakuniuliza.

Tunashuka ngazi, shangazi ananipapasa mgongo.

"Usinune baba. Njoo jioni nikufundishe."

Mimi. Nifundishwe.

Haya chekeni, lakini semeni ukweli: mngekuwa nyie mngeenda?

Maana nimeshavaa viatu.