Mtoto wa Mama Rosa

Enzi zetu pale Kabiria, kuchezea timu B halikuwa jambo la kuonea aibu. Jumapili saa nane, kabla timu kubwa haijaingia uwanjani, vijana wa timu B walicheza kwanza, na mashabiki wenye akili zao walifika saa hiyo. Timu kubwa tulikuja kuitazama tu, lakini timu B tulikuja kuipima.

Tulikaa kwenye ukingo wa nyasi tukitafuna mahindi ya kuchemsha ya Mama Atieno, pilipili ikituchoma midomo, vumbi jekundu likitupanda hadi magotini. Katikati yetu alikaa Ustadh Shee, mtu wa Lamu aliyefundisha madrasa mjini siku za wiki. Alivaa kanzu nyeupe kwenye lile vumbi, na sijui alifanyaje, haikuchafuka. Yeye na Mama Atieno ndio waliokuwa wapimaji. Kocha alichagua timu, ndiyo, lakini sikumwona hata siku moja akimpandisha kijana ambaye hao wawili hawajamkubali.

Walikuwa na desturi yao. Kijana wa timu B hakuitwa kwa jina lake. Aliitwa kwa jina la mama yake mpaka siku watakapoona ameiva. Siku hiyo Ustadh angesimama na kulitamka jina lake mwenyewe, mara moja tu, na Jumapili iliyofuata kijana angechezea timu kubwa.

Ndugu yangu Wanjala alilitamani jina lake kuliko chakula. Nilimzidi mwaka mmoja, na kwa kuwa mimi ndiye kifungua mimba, mama yetu alikuwa Mama Rosa. Misimu miwili mizima uwanja ulipiga kelele, "Wa Mama Rosa, rudi nyuma! Wa Mama Rosa, toa mpira!" Jioni alinikasirikia kana kwamba mimi ndiye niliyejipa jina. Nami, niseme ukweli, nilivimba kichwa. Msichana gani mwingine alitajwa uwanjani mara zote hizo?

Basi Jumapili moja Wanjala akawapiga chenga mabeki wawili karibu na kona. Ustadh akasimama, akakung'uta kanzu.

"Wanjala," akaita.

Ndugu yangu naye akasimama, akageuka kututazama, meno yote nje. Beki wa tatu akamchukulia mpira miguuni bila haraka, na kabla hatujakaa vizuri tukafungwa.

"Bado," Ustadh alisema, akaketi.

"Huyo arudi kwa mamake kwanza," Mama Atieno akaongeza.

Wanjala alilia njia nzima. Lakini hakuna aliyemtukana, na kwa hilo nawaheshimu wazee wale mpaka leo. Jumapili iliyofuata Ustadh alimwita kando, akamwonyesha kwa bakora yake jinsi ya kumsoma beki kabla mpira haujafika. Mama Atieno alimpa hindi kubwa kuliko yote. Naye akaanza kukimbia hadi mtaa wa Satellite na kurudi kila asubuhi kabla ya shule.

Mwisho wa msimu Ustadh alisimama tena. "Wanjala."

Ndugu yangu hakugeuka. Alipiga krosi, bao likaingia, akarudi nafasi yake kichwa chini. Uwanja mzima ukaimba jina lake, nami nikaimba nao, ndipo nikatambua kwamba pale uwanjani hakuna atakayeita Rosa tena. Nililia. Mama alidhani ni furaha, na ilikuwa furaha pia.

Siku hizi kijana akigusa mpira vizuri mara mbili, mashabiki wa rika lake wanampa jina la nyota wa Ulaya. Akikosea mara moja, wanammaliza kwenye simu kabla hajavua viatu. Hata mahindi hawali, mikono yote miwili imeshika simu.

Mwanangu anachezea timu B huko Woodley. Wanamwita kwa namba ya jezi, kumi na nne. Juzi nilisimama kando ya uwanja na Wanjala, ambaye sasa ana kitambi na mvi. Ghafla akaweka viganja mdomoni, akaita, "Wa Mama Nekesa, toa mpira!" Nekesa ni binti yangu wa kwanza. Kijana akasimama, akageuka kututafuta, na mpira ukachukuliwa.

"Bado huyo," Wanjala akaniambia, kwa sauti ile ile ya Ustadh. Nilitamani angekuwepo mtu mwingine pale uwanjani wa kuitambua.