Siku Niliyowapima Walioomba Kazi Yangu

Pole nilipewa kwanza, habari nikaipata baadaye. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeshuka Garsen kutoka Golbanti kikazi, viatu vimejaa tope, jirani yangu akanishika mkono barabarani. "Pole, mama. Nimesikia wamekuachisha." Nikamuuliza wameniachishia wapi hao, maana mimi nilikuwa natoka huko huko kazini. Akanivuta mpaka kwenye ukuta wa duka la dawa nikajisomee tangazo.

Anatakiwa mkalimani wa mradi wa maji. Ajue Kipokomo na Kiorma, awe na uzoefu wa mikutano ya vijijini, awe tayari kusafiri wakati wowote. Ni mimi huyo! Walibakisha kutaja rangi ya kilemba changu tu.

Sikuogopa, nilikasirika. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimeingia kwa mkubwa wetu wa ofisi nikamwambia nimechoka na mikataba ya miezi mitatu mitatu, nataka barua ya ajira ya kudumu. Alitabasamu vizuri, akasema atalifikiria. Kumbe kufikiria kwake ndiko huku. Tangazo lile halikumtafuta mtu. Lilikuwa fimbo ya kunionyesha, nikiiona foleni mlangoni nifyate ulimi.

Waajiri wana sababu zao za kutangaza kazi isiyokuwepo. Mwingine nafasi keshampa shemeji yake, ila sheria inataka watu waonekane wameshindana, basi sisi tunaitwa kumsindikiza bwana harusi. Mwingine anataka wafadhili waone ofisi inakua. Mwingine anakusanya majina na vyeti vya watu akaweka, kama anayerundika kuni bila kujua atapika lini. Wa kwetu alitaka kunitisha, na katika wote hao naona yeye ndiye aliyepiga hesabu mbaya zaidi. Alikuwa mtu wa bara, na ofisi nzima hapakuwa na mwingine wa kujua Kipokomo wala Kiorma. Sasa nani angewapima waombaji?

Siku ya mahojiano akaniita. "Dada, keti hapa. Waulize chochote kwa hizo lugha zenu, halafu uniambie kama wako sawa. Ni utaratibu tu."

Nikaketi. Yaani nimsaidie kumchagua wa kunirithi nami ni mzima! Nilitaka kucheka, na nilitaka pia kumrushia kiti.

Wa kwanza kuingia alikuwa msichana wa Wenje, bahasha ya vyeti ameikumbatia kifuani. Mkubwa akamuuliza kwa sasa anafanya nini. Akasema anafundisha chekechea kijijini kwao, lakini asubuhi ile amemwambia mwalimu mkuu aanze kutafuta mtu mwingine, ili hapa akiitwa aanze mara moja.

"Vizuri sana," mkubwa akasema.

Vizuri sana! Hasira yangu ikahama pale pale. Mimi mchezo nilikuwa naujua, huyu mtoto wa watu alikuwa anauamini.

Nikamgeukia na uso wa mtahini, nikamsemesha Kipokomo kwa sauti ya mtahini. Nikamwambia kazi hii haipo, ina mwenyewe. Arudi leo leo kwa mwalimu mkuu kabla hajapatikana mwingine, asiache mbachao kwa msala upitao. Kisha akaniuliza, kwa Kipokomo kizuri kuliko changu, mwenyewe ni nani.

Nikamwambia ni mimi.

Akanitazama, akamtazama mkubwa, akauma mdomo.

"Anajua?" mkubwa akauliza.

"Sasa anajua kila kitu."

Waliomfuata niliwapa mtihani ule ule, Mpokomo kwa Kipokomo, Muorma kwa Kiorma. Kijana mmoja alitaka kumgeukia mkubwa ampe maneno yake. Nikamwomba aniachie mimi.

Walipokwisha, mkubwa akajinyoosha kitini. "Unaona, dada? Watu wa hii kazi wako wengi."

"Wako," nikasema. "Yule wa Wenje ananishinda. Mpe yeye hii kazi."

"Ngoja kwanza..."

"Mwite arudi, namba yake ya simu iko kwenye barua yake ya maombi. Nitamkabidhi kazi leo."

Angeweza kumwita kweli, nami ningechukua mkoba wangu nikaenda nyumbani kuanza upya. Lakini nilikuwa nimeshaamua kwamba afadhali nifukuzwe waziwazi kuliko kuishi nikitishwa. Akashika simu yake, akaiweka. Akatazama dirishani.

"Nafasi yenyewe haipo," akasema chini chini. "Makao makuu hawajatoa ruhusa ya kuajiri mtu."

"Kama haipo, basi ile iliyopo ina mtu. Waandikie makao makuu wampe barua yake."

Aliandika. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikisoma kila neno, na mahali alipoandika "kibarua" nilimfanya afute.

Barua ilipokuja nilimpigia simu yule msichana wa Wenje kabla sijawaambia hata watu wa nyumbani. Nilisikia kelele za watoto zimejaa kwenye simu, wengine wanaimba, mmoja analia, naye akiwatuliza huku ananisikiliza.

"Hongera, dada," akaniambia. "Umepata kazi yako."