Simama Kwanza kwa Mguu Huo

Mwanangu, enzi zile wakimbizi walipojaa Ngara, niliamini kwa moyo wote kwamba wachezaji wao wa mpira wanatuloga kwa kusimama. Usicheke! Kila asubuhi walijipanga kambini, kila mtu juu ya gunia lililokunjwa, mguu mmoja hewani kama korongo. Kijiji chetu kizima cha Rulenge kikanong'ona: wakisimama hivyo, vifundo vya miguu ya wapinzani vinalegea. Nami ushahidi nilikuwa nao mguuni. Kifundo changu cha kulia kiliteguka mara tatu msimu mmoja, bila kuguswa na mtu. Mara ya tatu kilivimba kama papai, hata mbuzi wakaniogopa.

Kila mara nilifanya kama wewe: maji ya moto na chumvi, kitambaa, maumivu yakiisha tu, huyo uwanjani! Zilibaki wiki sita tucheze na timu ya kambi, na kocha wetu akaniambia, "Ukianguka tena, jezi yako anavaa mdogo wako." Mdogo wangu! Mtu anayepiga mpira kwa kufumba macho!

Nikaenda kambini kugombana. Kocha wao, mzee aliyekuwa mwalimu wa michezo kwao Burundi, nikamkuta anakunja magunia. Hata shikamoo sikumpa.

"Acheni kutuloga!"

Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kitambaa. "Karibu, kijana. Simama kwa mguu huo mbovu."

"Hauumi tena!"

"Vizuri. Simama."

Sekunde mbili tu, nikaangukia ndoo ya maji. Kile kicheko nakisikia mpaka leo.

Wiki sita akanisimamisha: kwanza nimeshika nguzo, kisha bila nguzo, kisha macho nimefumba, mwisho juu ya gunia huku wananirushia mpira. Mechi tulifungwa, ndiyo, lakini nilitoka uwanjani kwa miguu yangu, na jezi yangu mgongoni.

Sasa wewe, jana tu umeteguka, leo unauliza viatu viko wapi! Unanichosha, mwanangu. Kifundo kikivimba usiweze kukanyaga, nenda hospitali. Kikipoa, simama kwa mguu huo kila siku, hata ukisubiri chai ichemke. Mungu akuimarishie miguu, uje ukimbie mbele ya wajukuu zako. Na ukichoka kusimama, kumbuka mzee yule alivyoniambia nikiwa nimelowa pale chini: "Hakuna aliyekuloga. Maumivu yameisha, lakini mguu haujajifunza upya kusimama. Ufundishe."